Jicho moja −6.00, lingine −1.50: lenzi gani na kotingi gani?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo daktari. Ni mwanamke wa miaka 42, nimepimwa kulia −6.00, kushoto −1.50 na silinda −0.75 aksisi 180, PD 62. Miwani niliyonayo ni plastiki ya kawaida kwenye fremu kubwa 56-18, lenzi ya kulia ni nene mpaka naona aibu, na nikivaa kichwa kinauma hasa nikisoma au nikishuka ngazi. Duka la kwanza wameniambia nichukue 1.74 yenye blukati macho yote, la pili wanasema polikaboneti inatosha, la tatu wanasema niweke 1.74 kulia tu, kushoto nibaki na ya kawaida niokoe hela. Nashinda kwenye kompyuta na usiku naendesha gari. Nimsikilize nani?" (Kwa msomaji mwingine: −6.00 na −1.50 ni nguvu ya lenzi kwa diopta, minasi ni ya mtu asiyeona mbali vizuri; silinda ni nguvu ya ziada ya upande mmoja tu wa lenzi na aksisi ni mwelekeo wake; PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita; 56-18 ni upana wa lenzi na wa daraja la puani; 1.74 ni indeksi, yaani jinsi plastiki inavyopinda mwanga, ikiwa kubwa lenzi inakuwa nyembamba; blukati ni lenzi ya kuzuia mwanga wa bluu; kotingi ni utando unaopakwa juu ya lenzi.)

Marahaba dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili hata usipofika mwisho uwe umepata kitu: hao watatu wote waache kwanza. Ningekuwa naandika oda yako mimi ningeanza na fremu ndogo, 48 hivi, halafu 1.60 macho yote mawili, kotingi ngumu na ya kuzuia mng'ao mbele na nyuma ya lenzi, blukati hapana, na kabla ya kulipa chochote ningetaka ujaribu lenzi za kuvaa jichoni maana wewe ni mtu ambaye zinaweza kukufaa kuliko miwani yoyote. Sasa ngoja nieleze kwanini, hapa ndo penye maneno mengi.

Una matatizo mawili na naona umeyaweka kapu moja. La kwanza ni unene, yaani kile watu wanachokiona usoni kwako. La pili ni kile ubongo wako unachokiona kupitia lenzi mbili zisizolingana, na hilo ndo linaloumiza kichwa. Maduka yote matatu yamekujibu la kwanza tu. Ukinunua 1.74 leo kwenye fremu ileile na vipimo vilevile utapata lenzi nyembamba na kichwa kitaendelea kuuma vilevile, halafu utaambiwa "utazoea", utazirudisha kwenye mkoba na utaendelea kuona kwa jicho la kushoto peke yake.

Tuanze na hilo la pili basi. Lenzi ya minasi inapunguza ukubwa wa picha, na kadiri minasi inavyozidi ndo picha inavyozidi kuwa ndogo. Miwani ikikaa milimita 12 toka kwenye jicho, −6.00 inapunguza picha kama asilimia 7, −1.50 inapunguza kama asilimia 2 hivi. Kwa hiyo jicho lako la kulia linaleta picha ambayo ni ndogo kwa karibu asilimia 5 kuliko ya kushoto na ubongo unatakiwa uzibandike hizo picha mbili ziwe moja siku nzima bila kupumzika. Tofauti ya asilimia 1 au 2 watu wengi hawaisikii, ikifika 3 wengine wanaanza kulalamika, 5 ni mzigo kweli. Lakini hiyo ni hesabu ya lenzi tu, kile unachokihisi kinaweza kuwa kidogo zaidi, kwa sababu jicho la minasi kubwa mara nyingi limerefuka na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, imevutika pale, na mvutiko huo unafidia kiasi. Ndo maana unaweza kukuta watu wawili wenye namba zinazofanana kabisa, mmoja kavaa siku ya kwanza na kuondoka, mwingine anatapika.

Sasa angalia vizuri: katika hesabu hiyo ya asilimia 7 na 2 indeksi ya lenzi haimo. Kinachoingia ni nguvu ya lenzi na umbali wake toka kwenye jicho. Umbo la lenzi, yaani mkunjo wa mbele na unene wa katikati, lina mchango wake ila kwa lenzi za minasi ni mdogo sana, tunazungumzia nusu asilimia na chini ya hapo. Umbali ndo unaoweza kuuchezea. Miwani ikisogezwa toka milimita 12 hadi 10 ile tofauti ya karibu 5 inashuka mpaka 4 na kidogo, na hilo linafanyika kwa kukunja tu vile vipedi vya puani, dakika chache, bila gharama, mpaka pale kope zinapoanza kugusa lenzi. Fremu ya plastiki isiyo na vipedi huwezi kuisogeza namna hiyo, kwa hiyo chukua yenye vipedi. Na hapohapo ujue kwanini nimetaja lenzi za kuvaa jichoni: zinakaa juu ya jicho lenyewe, umbali karibu sifuri, ule upungufu wa picha unaotokana na umbali unaisha. Kuna daktari atakwambia kwa jicho lililorefuka miwani ndo inafaa zaidi kinadharia, ni kanuni ya zamani inayoitwa ya Knapp, vitabuni ni nzuri ila kwenye viti vyetu vya kupimia watu wengi wenye macho yasiyolingana wanaona raha zaidi na lenzi ya jichoni. Jaribu mwenyewe, wiki moja itakwambia.

Sasa ngazi na kusoma. Hii ni habari ya prizma, na kwa maoni yangu ndo inayokuua wewe zaidi ya ukubwa wa picha. Lenzi yoyote ukiangalia nje ya kitovu chake, ile nukta ambayo mwanga unapita bila kupindwa, inageuka kuwa prizma, inasogeza picha. Kanuni ni rahisi, umbali toka kwenye kitovu kwa sentimita unazidisha na diopta. Ukishusha macho kusoma, unapita kama milimita 8 chini ya kitovu. Kulia 0.8 mara 6 ni 4.8. Kushoto usichukue 1.50, kwa sababu silinda ya aksisi 180 nguvu yake inafanya kazi wima, kwa hiyo juu-chini jicho lako la kushoto ni −2.25, mara 0.8 ni 1.8. Tofauti ni prizma 3.0 za wima. (Hiyo silinda ambayo watu huwa wanaisikitikia hapa imekusaidia, bila hiyo tofauti ingekuwa 3.6.) Macho yanaweza kwenda pembeni kivyake vizuri tu, kuelekea puani ndo hodari kabisa, ila moja kwenda juu na lingine chini, hapana, uwezo huo ni mdogo mno, kuanzia prizma 1 na nusu hivi malalamiko yanaanza. Kwenye ngazi unaangalia chini zaidi ya milimita 8, kwa hiyo ndo pale unaona ngazi mbili au ukingo unacheza. Lenzi za jichoni zinazunguka pamoja na jicho, unaangalia katikati muda wote, hili nalo halipo.

Kama unabaki na miwani, dawa ya kwanza ni ya bure: shusha kidevu, usishushe macho. Ngazini, kwenye kitabu, geuza kichwa kizima, macho yabaki kitovuni. Watu wengi wenye namba kama zako wameshajifunza hivyo bila kuambiwa.

Ila kuna kosa moja la vipimo ambalo kwa mtu mwenye macho sawa halionekani na kwako linaonekana mara moja. Mtu mwenye −6.00 pande zote, fundi akikosea urefu wa kitovu milimita 3 kwa lenzi zote mbili, prizma zinakuwa sawa kulia na kushoto, macho yanashuka pamoja na hasikii kitu. Wewe kosa hilohilo linakupa 0.3 mara 3.75, yaani prizma 1.1 ya wima ukiwa unaangalia mbele tu, hujaangalia chini, hujashuka ngazi. Na fremu kubwa ya 56 mara nyingi vitovu vinawekwa katikati ya tundu la fremu kwa mazoea halafu fremu yenyewe nzito inateleza puani, vitovu vinashuka zaidi. Mimi ningebeti maumivu yako mengi yanatoka hapo. Kwa hiyo kwenye oda mpya, urefu wa kitovu upimwe kila jicho peke yake ukiwa umevaa fremu yenyewe uliyoichagua, imeshakunjwa ikakaa vizuri, umesimama unaangalia mbele kama kawaida yako. PD vilevile isiwe 62 ya jumla, iwe ya kila jicho, maana pua za watu hazikai katikati sawasawa, unaweza kuwa 30 na 32. Duka likikwambia haina haja, hamia lingine, na hapo sina utani.

Una miaka 42, kwa hiyo kusoma kwa karibu kutaanza kusumbua kama bado, na utaletewa habari ya progresivu, lenzi moja yenye sehemu ya mbali juu na ya kusomea chini. Kwa namba zako kuwa mwangalifu. Progresivu inakulazimisha kushusha macho ili ufike sehemu ya kusomea, yaani inakupeleka kwenye ileile prizma 3 au zaidi kila ukisoma. Ukitaka progresivu chagua yenye korido fupi, yaani njia fupi toka sehemu ya mbali hadi ya kusomea, ili usishuke sana. Njia nyingine ni lenzi ya kulia ichongwe prizma ya kufidia kwenye nusu ya chini, mafundi wanaita slabofu, inaacha mstari mwembamba unaoonekana kwa karibu ila inafanya kazi kweli. Na njia ninayoipenda mimi kwa watu kama wewe ni miwani miwili, mmoja wa kutembea na kuendesha, mwingine wa kompyuta na kusoma ambao vitovu vyake vimeshushwa pale macho yanapokaa ukiwa kazini. Haina ufahari ila inatulia.

Basi, unene sasa. Hapa watu wanakimbilia indeksi wakati fremu ndo mwenye nyumba. Hesabu yako iko hivi: fremu 56-18 ina PD ya 74, yako ni 62, kwa hiyo kila lenzi inasukumwa milimita 6 kwenda puani, na ukingo wa upande wa sikio unakuwa milimita 34 toka kwenye kitovu. Unene wa ukingo unapanda kwa mraba wa umbali huo, sio kwa umbali wenyewe, ndo maana inauma. Kwa −6.00 kwenye fremu hiyo, plastiki ya kawaida ya 1.50 inafika karibu milimita 9 ukingoni. Ukiweka 1.74 humohumo inashuka mpaka kama 6. Sasa chukua fremu 48-18, PD yake 66, umbali wa ukingo unakuwa milimita 26, na 1.60 humo inatoka chini kidogo ya milimita 5. Umeona? Lenzi ya kawaida-kawaida kwenye fremu inayokufaa ni nyembamba kuliko ile ya bei kubwa kabisa kwenye fremu isiyokufaa. Na ile tofauti ya kulia na kushoto ambayo inakupa aibu inapungua yenyewe, kushoto kutakuwa kama milimita 2 na robo.

Ndani ya hiyo fremu ndogo, ukitoka 1.60 kwenda 1.67 unaokoa kama nusu milimita na kidogo, ukienda mpaka 1.74 unaokoa milimita 1 hivi kwa jumla. Sio kwamba hazifai, kwa −9 au −12 nakwambia nenda bila kufikiri, ila kwa −6 kwenye fremu ndogo unalipia milimita 1 na kuna kitu unapoteza, ambacho sasa nakisema.

Kila plastiki ina namba yake ya Abbe, inaonyesha jinsi inavyotawanya rangi, ikiwa kubwa ndo vizuri. CR-39, hii plastiki ya kawaida, ina 58. Trivex, plastiki nyingine isiyovunjika kirahisi, ina 43 mpaka 45. 1.60 nzuri ina kama 41. 1.67 ni 32 hivi, 1.74 ni 33, polikaboneti ni 30, yaani ya mwisho darasani. Ukiangalia pembeni kwa lenzi ya Abbe ndogo unaona vikingo vya bluu na rangi ya chungwa kwenye herufi nyeusi, taa za usiku zinakuwa na mkia wa rangi, na maandishi ya pembeni yanakosa makali. Kinachofanya hii iwe mbaya zaidi kwako ni kwamba ukali wa kosa hilo unategemea prizma, na prizma yako ya kulia ni mara 4 ya kushoto ukiangalia pembeni. Kwa hiyo kwa polikaboneti jicho moja litaona rangi na lingine halitaona, picha mbili hazifanani kwa ukubwa, hazifanani kwa mahali zilipo, na sasa hazifanani hata kwa rangi. Unaendesha usiku, unashinda kwenye skrini iliyojaa maandishi. Ndo maana nimesema 1.60: inapunguza unene vya kutosha bila kuharibu makali ya picha, na ina uzito wa gramu 1.30 kwa sentimita ya ujazo wakati 1.74 ni 1.47, kwa hiyo hata ile habari ya "nyembamba ni nyepesi" sio kweli moja kwa moja, plastiki za indeksi kubwa zenyewe ni nzito na uzito huo unakula faida ya wembamba.

Asferiki, yaani lenzi ambayo mkunjo wake unabadilika kuelekea ukingoni, ukipewa chukua, inasaidia kupunguza unene kidogo na lenzi inakaa bapa zaidi, ila ujue inadai kitovu kiwekwe sahihi kuliko lenzi ya kawaida. Bila vile vipimo nilivyosema hapo juu ni afadhali isiwepo.

Kuna hali moja inayobadilisha ushauri wangu wote wa plastiki. Muulize aliyekupima: jicho la kulia likivalishwa −6.00 linasoma mstari wa mwisho sawa na la kushoto, au linaishia njiani? Wengi wenye tofauti kubwa kama yako toka utotoni, ubongo uliacha kulitumia lile jicho baya, watu wanaliita jicho vivu, na hata ulipe lenzi gani haliji kuona sawasawa. Kama ndo hivyo basi wewe kwa vitendo ni mtu wa jicho moja, na kazi namba moja ya miwani inakuwa kulinda hilo la kushoto. Hapo nakwambia Trivex, au polikaboneti kama Trivex haipatikani, kwa sababu hizo mbili hazipasuki ovyo kitu kikizipiga. Trivex ni nyepesi kupita zote, 1.11, na Abbe yake ni nzuri, ila indeksi ni 1.53 tu kwa hiyo kulia patakuwa nene kidogo, vumilia. Watoto wenye macho yasiyolingana nao ni hivyohivyo, Trivex au polikaboneti bila mjadala, na kwa mtoto usicheleweshe hata kidogo kwa sababu kwake lile jicho bado linaokoleka. Na kama tofauti hii imekuja ukubwani, mwaka juzi macho yalikuwa sawa na leo moja limekimbia, hiyo sio kazi ya fundi wa miwani, rudi kwa daktari akuangalie mtoto wa jicho na konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwanza.

Kuhusu duka la tatu, 1.74 kulia na 1.50 kushoto. Inawezekana, utaona, ila mimi nakataa. Plastiki tofauti zinaakisi mwanga tofauti, rangi ya mng'ao unaobaki itakuwa tofauti kulia na kushoto, zinazuia mionzi ya UV kwa viwango tofauti, CR-39 tupu inapitisha sehemu ya UV ambayo hizi nyingine zinaizuia. Ukitaka zipakwe rangi ya jua ndo balaa, kila plastiki inanywa rangi kivyake na 1.74 hainywi vizuri, utatoka na jicho moja kahawia na lingine chai ya maziwa. Macho yako yana tofauti za kutosha tayari. Na kuna wengine wanashauri lenzi ya kushoto itengenezwe nene makusudi ili zilingane kwa macho ya watu, kataa, unaongeza uzito na unakuza picha ya kushoto kidogo zaidi wakati ndo iliyokuwa kubwa tayari. Kama unene wa kulia bado unakukera, omba ukingo uachwe bila kung'arishwa na uchague fremu yenye rimu nene kidogo upande wa sikio, unafichwa wenyewe.

Kotingi. Ngumu ni lazima kwa plastiki zote, siku hizi nyingi zinakuja nayo, polikaboneti bila hiyo inachubuka kwa kufutwa na shati tu. Ya kuzuia mng'ao kwako sio pambo. Plastiki ya 1.50 inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wa lenzi, 1.60 kama 5, 1.67 kama 6, 1.74 zaidi ya 7, zidisha kwa nyuso mbili uone, 1.74 tupu inakunyima karibu asilimia 14 ya mwanga na sehemu yake inageuka kuwa vivuli vya taa za magari usiku. Kotingi nzuri inashusha mpaka chini ya asilimia 1 kwa uso. Na ukiangalia lenzi nene ya minasi kwa pembeni utaona miduara-miduara ukingoni, hiyo ndo inayowaambia watu kwamba jicho hili lina namba kubwa, kotingi inaipunguza sana. Hakikisha iko nyuma pia, maana mwanga wa nyuma yako unapiga uso wa ndani na kurudi jichoni. Juu yake kuwe na ule utando laini unaokimbiza maji na mafuta ya vidole, bila huo utafuta mchana kutwa na kufuta ndo kunakomaliza kotingi.

Blukati nimesema hapana na sababu ni fupi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 ya lenzi hizi wakaona huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Uchovu wako una sababu yake na tumeshaitaja, prizma. Halafu nyingi zina mng'ao wa bluu unaoonekana mbele na unjano kidogo ndani. Hela ya blukati peleka kwenye kotingi bora ya kuzuia mng'ao.

Zile zinazobadilika rangi juani, fotokromiki, ukizitaka chukua za plastiki za kisasa ambazo dawa inapakwa kama utando mmoja mbele ya lenzi, zinaingia giza sawa pande zote. Zile za kioo za zamani dawa ilikuwa imechanganywa ndani ya kioo chenyewe, kwa hiyo penye unene panakuwa na giza zaidi, kwa −6.00 ungekuwa na ukingo mweusi na katikati peupe, na kushoto kwa −1.50 rangi nyingine. Ila ndani ya gari usizitegemee, kioo cha mbele kinazuia UV inayoziamsha.

Oda ikija, kabla hujavaa uwaombe waziweke kwenye lensomita, kile kifaa cha kupima lenzi, mbele yako, wakuonyeshe nukta za kitovu kwa kalamu, halafu vaa na ujiangalie kwenye kioo: nukta zikae mbele ya mboni, zote mbili, na hasa zisiachane juu-chini na mahali zilipotakiwa. Wiki ya kwanza kizunguzungu kidogo ni kawaida, usiendeshe usiku siku za mwanzo. Ukiona mbili, hata kwa dakika chache, hiyo sio ya kuzoea, rudi wapime kitovu upya.

Na lenzi moja ikichubuka baadaye usibadilishe hiyo peke yake kama unaweza kuepuka. Mng'ao wa kotingi mpya hautafanana na wa zamani, kwa fotokromiki ndo kabisa kwa sababu ya zamani imeshachoka haiingii giza kama mpya. Ukilazimika, mpe fundi jina kamili la lenzi, indeksi, mkunjo na kotingi iliyokuwepo, kwa hiyo leo ukichukua miwani chukua na ile karatasi ya oda uitunze, isibaki dukani.